Mwalimu wa Kwaya na Msitu wa Jumba la Kale

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa akimpiga mtu. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tukikodi kwa ibada kule Barking, mashariki mwa London, na aliyepigwa alikuwa mwanamume mzima wa sauti ya nne, dereva wa lori, mrefu karibu kugusa kizingiti cha juu cha mlango. Alikuwa ameacha kuimba katikati ya ubeti ili asome ujumbe kwenye simu. Mwalimu wa Kwaya alishuka kutoka kwenye kiti alichosimamia, akapita katikati ya safu bila haraka, akamtandika kofi la shavu lililosikika hadi jikoni tulikokuwa tukichemsha chai. Simu ikaanguka. Yule dereva akainama, akaiokota, akaitia mfukoni, akadakia wimbo palepale ulipokuwa umefika. Wengine hawakuwa wameacha kuimba hata kidogo.

Mimi nilikuwa mgeni siku hiyo, nimefuatana na mwenzangu wa kazini. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama hapa mambo huwa hivi.

"Ukianza wimbo, umalize," akaniambia. "Hataki kingine."

Nilidhani sitarudi. Nikarudi wiki iliyofuata, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia watu wakiimba namna ile tangu nitoke Kigoma, na nikakaa kwenye sauti ya pili kwa miaka mingi. Sijui Mwalimu alizaliwa kijiji gani huko Kivu, Kongo, wala sijui wazazi wake walikuwa nani. Sisi wote tulimwita Mwalimu. Hata wachungaji, waliobadilika mmoja baada ya mwingine, walimwita hivyo, na walimwogopa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Alfajiri alisafisha ofisi katikati ya mji, na dawa za kufanyia usafi zilikuwa zimemchubua vidole hadi ngozi ikawa kama ganda la muhogo. Kwa mikono hiyo aliongoza nyimbo, alisonga ugali wa watu wengi bila kupumzika, na alipiga. Alimpiga dereva wa lori. Alimpiga mzee wa kanisa aliyesema kwamba wanawake wa kwaya wanavaa kitenge cha kubana. Safari moja ndani ya basi, mlevi mmoja alimtemea mate dada wa sauti ya kwanza na kumwambia arudi kwao. Mwalimu aliinuka kwenye kiti chake. Alimshika ukosi, akakigonga kichwa chake kwenye nguzo ya chuma, mara moja, halafu akakishikilia hapohapo mpaka kituo kilichofuata, damu ya pua ikimtiririkia kwenye mkono wa koti. Dereva wa basi alipofungua milango, Mwalimu alimtoa nje kama mtu anayetoa mfuko wa taka, akarudi kwenye kiti chake na kuuliza nani alikuwa na kitambaa.

Lakini mtoto hakuwahi kumgusa. Ukumbini kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake, mzaliwa wa hapa London, alikuwa akielewa kila tulichosema na kujibu kwa Kiingereza tu. Siku moja binti alimjibu mama yake ovyo mbele ya watu, na mama akainua mkono. Mwalimu aliudaka ule mkono ukiwa bado hewani na kuukunja taratibu mpaka yule mama akapiga magoti.

"Unatafuta mutu wa kupiga?" akamuuliza. "Mimi niko hapa. Nipige."

Mama hakumpiga. Binti alilia kuliko mama yake, na tangu siku hiyo hakukaa tena karibu na Mwalimu. Aliniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba hakuwa ameomba kuokolewa hivyo.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akikulinda, na ukishalindwa unajikuta unatetemeka. Ukiwa mgonjwa, angekuletea sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akakuoshea vyombo, akakukanda miguu, na ukijaribu kumshukuru angekukatiza kwa ukali. Hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mbwa akibweka mtaani, hata kale kadogo kanakobebwa mkobani, angevuka barabara bila kuangalia magari. Ukimlilia shida zako angekuambia, "Lia ukiimba," na hakuwa akitania.

Na kila mwaka, kiangazi kikianza, alitupeleka kwenye jumba.

Ni jumba la kale la mabwana wa zamani, pembezoni mwa London, mahali treni inapoanza kupita mashamba, halafu unachukua basi. Matofali mekundu, mabomba marefu ya moshi, bustani yenye ukuta, na nyuma yake msitu mkubwa wa mialoni ambamo mabwana hao walikuwa wakiwinda. Makanisa mengine huenda ufukweni. Tulipomwomba twende ufukweni, alisema bahari haijamfanyia kitu.

Ndani ya jumba, wazee wa Kiingereza wanaojitolea husimama katika kila chumba kueleza. Ukumbini mna panga na mikuki iliyopangwa ukutani kama maua, na vichwa vya kulungu wenye macho ya kioo. Mara ya kwanza tulipoingia humo, mzee mmoja mwenye sweta ya kijani alitueleza kwa upole kwamba familia hii ilipata ardhi kwa kumsaidia mfalme kuzima maasi, na kwamba baadhi ya walioasi walinyongwa kwenye miti ya njia ya kuingilia. Nilimtafsiria Mwalimu. Alisikiliza, akazitazama zile panga kwa muda.

"Muulize nani alifuta damu," akasema.

Nilimuuliza. Yule mzee alicheka kidogo, akaona hatucheki, akasema kwa kweli hakuwahi kufikiria jambo hilo, labda watumishi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Alitaka kuonyeshwa jiko. Huko alikagua kulabu za kutundikia nyama na mbao za kukatia zilizobonyea katikati kwa visu, na kuzipapasa kwa kiganja. Vyumba vya juu, vyenye vitanda vya mapazia, hakuvijali.

Halafu msitu. Tulipofika mwanzo wa miti alitupanga mstari mmoja, wanawake mbele, wanaume nyuma, yeye peke yake mwishoni. Tuliimba tangu mti wa kwanza mpaka tulipotokea upande wa pili, kwenye uwanda wa nyasi tulikokula. Waingereza waliokuwa wakitembeza mbwa walitupisha. Wengine walipiga makofi. Hawakujua kwamba baadhi ya dada zetu walikuwa wakiimba huku miguu imekufa ganzi, kwamba mmoja alikuwa akitapika kila mwaka kwenye kona ileile. Wengi wao walikuwa wametoka Kongo kwa kupitia msituni, na si wote waliokuwa wameingia humo waliotoka. Mwalimu alitaka waingie na watoke, basi. Waingie tena, watoke tena.

Mwaka mmoja mvua ilitunasa katikati, tukajibanza chini ya mwaloni mkubwa, mimi na yeye upande mmoja wa shina. Nilimuuliza kwa nini humpiga mtu anayeacha kuimba. Nilitarajia akemee. Akanieleza, akiwa anakamua maji kwenye kitambaa cha kichwa.

Yeye na mume wake walikamatwa shambani na kupelekwa porini na watu wenye bunduki. Mmoja wao alijua kwamba yeye ni mwimbaji wa parokia. Wakamkalisha chini, wakamfunga mume wake kwenye mti, wakamwambia aimbe. Maadamu anaimba, mume hapigwi. Akinyamaza, wanampiga kwa kitako cha bunduki.

"Niliimba," akasema. "Niliimba yote nilijua. Ya misa, ya shule, ya kubembeleza batoto. Sauti ikaisha. Nikawa nafungua kinywa tu, hakuna kitu kinatoka." Akavaa kitambaa chake. "Hapo njo walimumaliza."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alisimama, akapaza sauti kuwaita wengine, na tukaendelea tulipokuwa tumeachia. Tangu siku hiyo, kila alipompiga mtu, nilijiambia kwamba najua ni nini kinachompiga yule mtu. Nilipata nafuu kuamini hivyo. Niliwaeleza na wengine, kimyakimya, nao wakaanza kumtazama kwa huruma.

Katika kwaya alikuwepo Furaha, wa sauti ya kwanza, msichana mwembamba ambaye mume wake alikuwa amewahi kumvunja vidole kwa mlango wa gari. Alikuwa amemkimbia. Aliishi na mtoto wake mahali ambapo hata sisi hatukupajua, na alikuja mazoezini kwa njia tofauti kila wiki. Mwalimu alimpenda. Ndiye pekee aliyemwita mwanangu.

Mwaka huo tangazo la safari lilipita kwenye simu zetu kama kawaida, na kutoka simu moja hadi nyingine likamfikia mume wa Furaha.

Alitungoja msituni. Tulikuwa tumefika kwenye bonde dogo ambako njia inapinda na magugu ya kangaga yamekua hadi kiunoni, na tulikuwa tukiimba kwa nguvu, kwa hiyo hatukusikia chochote. Alitokea kulia akiwa na nyundo ya seremala. Alimshika Furaha nywele, akamvuta chini, akampiga begani, halafu mgongoni, huku akimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeko mezani, kwamba aliwahi kumwonya. Wimbo ulikatika. Sisi tulisimama. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tulisimama, na jibu ni kwamba mwili ulikataa. Dereva wa lori alikuwa nyuma kabisa na alikuwa anakuja mbio, lakini njia ilikuwa nyembamba na tumeiziba.

Mwalimu alitupita ndani ya kangaga. Alikuwa ameokota tawi lililoanguka, nene kama paja la mtoto, na pigo la kwanza lilimpata yule mtu shingoni. Akamwachia Furaha. Akageuka na nyundo yake, akamchapa Mwalimu mkononi, nikasikia kitu kikivunjika, na sikujua kama ni tawi au mfupa. Mwalimu hakurudi nyuma. Pigo la pili lilimwangukia yule mtu usoni na taya likaenda upande. Akaanguka kwa magoti, nyundo ikamtoka. Mwalimu akaliacha tawi, akaokota nyundo.

Hapo ndipo ingeweza kuishia. Yule mtu alikuwa ameinua kiganja kimoja, kile cha kuomba, na damu ilikuwa inamtoka kinywani pamoja na meno. Mwalimu alikipiga kile kiganja. Halafu akalipiga goti lake. Yule mtu alilala kifudifudi, naye akamgeuza kwa mguu ili ampige akiwa amelala chali, na akampiga kwenye jicho. Alikuwa akipiga bila kelele, kwa mapigo yaliyolingana, kama anavyotwanga mtu mwenye kazi nyingi mbele yake. Furaha alikuwa ametambaa hadi kwenye mti na kuufunika uso wake.

Mimi nilimshika kwa nyuma. Nilimkumbatia mikono yote miwili na kumwambia, "Mwalimu, inatosha. Ni mimi. Inatosha." Aligeuka nusu, nyundo ikanipata kwenye mtulinga, chini ya shingo, na ule mfupa ukavunjika kama kijiti. Nilianguka. Nikiwa chini nilimwona dereva wa lori akimbeba Mwalimu juujuu, na miguu yake ikiendelea kurusha mateke hewani.

Yule mtu hakufa. Alipoteza jicho, na mkono wake wa kulia haufungi ngumi tena. Alifungwa, na anastahili. Lakini Mwalimu naye alipelekwa mahakamani, kwa sababu ya yote yaliyotokea baada ya nyundo kuanguka. Kanisa liligawanyika. Kuna waliosema angepaswa kupewa nishani, na kuna waliosema hawawezi kuimba mbele ya mtu waliyemwona akifanya vile. Furaha hakusema lolote hadharani. Nilipomtembelea hospitali, mgongo wake umefungwa, nilimwambia Mwalimu anamuulizia.

"Dada, nilikuwa nimefumba macho," akasema. "Nilisikia tu zile sauti za kupiga. Nilidhani bado ni mume wangu, ananipiga mimi, na kwamba nimeshakufa ndiyo maana siumii." Halafu akaniomba nisimlete Mwalimu pale.

Niliitwa kutoa ushahidi, mkono ukiwa bado umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Kabla ya siku hiyo Mwalimu alinitumia ujumbe kwa mtu: "Mwambie aseme kile aliona." Wakili wake alieleza mahakama habari za porini, mume aliyefungwa mtini, na nyimbo. Alisema mteja wake, akiwa katikati ya miti, hakuwa tena London. Kwamba aliyekuwa akimpiga hakuwa mume wa Furaha hata kidogo. Mimi nilipoulizwa nilisema niliyaona macho yake aliponigeukia, na kwamba hayakuwa yananiona. Niliamini kila neno. Mwalimu alikaa kizimbani, mkono wake kwenye plasta, akitazama mbele. Hakuitwa kusema, kwa ushauri wa wakili. Jaji alimpunguzia adhabu kwa ajili ya hayo tuliyoeleza, lakini alimfunga.

Kwaya haikwenda tena kwenye jumba. Tulipata mwalimu mwingine, kijana mpole anayetumia kinanda, na watu wanasoma simu katikati ya wimbo na hakuna linalowapata.

Mwaka huu, miti ilipoanza kutoa majani, alinipigia simu. Alikuwa ametoka gerezani zamani kidogo na alikuwa akiishi chumba kimoja upande wa pili wa mto, kwa kuwa hakutaka kurudi Barking. Aliniuliza kama ninaweza kumpeleka kwenye jumba. Nilisema ndiyo kabla sijafikiria.

Alikuwa amepungua mwili. Mkono uliovunjika ulikuwa umepona vibaya, umepinda juu ya kiwiko. Tulipita ukumbini haraka, tukatoka nyuma, tukaingia msituni. Chini ya miti palikuwa pamejaa maua madogo ya buluu kila mahali, na watu walikuwa wakipigana picha humo. Tulitembea bila kuimba. Alikuwa akichoka upesi, kwa hiyo nilimshika mkono. Tulipolipita lile bonde hakusimama wala hakugeuza shingo. Nikaona huo ndio wakati, nikamwambia kwamba mimi nilishamsamehe siku nyingi, na kwamba watu kanisani bado wanamwombea apone.

Tulipofika kwenye kituo cha basi tulikaa kwenye benchi, naye akaniuliza:

"Mufupa unauma bado?"

"Kukiwa na baridi tu."

"Avoka wangu, ule wa mahakamani, alisema sikujua niko wapi," akasema. "Alisema nilikuwa naona bale batu ya porini. Wewe pia ulisema vile."

"Nilisema nilichoona."

"Najua. Ulisema muzuri. Lakini haikuwa vile." Alikuwa akiongea polepole, akitazama barabara. "Nilijua ni London. Nilijua ule ni bwana ya Furaha. Nilimwona ameanguka, nikaona hawezi kuamuka tena. Na nikaendelea, sababu nilitaka kuendelea. Ilikuwa muzuri mu mikono yangu."

Niligusa mtulinga wangu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Ulinishika, ukasema ni wewe. Nilisikia. Nilijua ni wewe." Sasa akanitazama. "Nilitaka uniachilie, njo nikakupiga. Ulisamehe mutu mwengine, dada yangu. Na kule kanisani banaomba nipone. Mimi sina ugonjwa. Baniombee kwa kile nilifanya."

Basi likaja. Alipanda kwanza, akishikilia chuma kwa ule mkono uliopinda, akaketi kwenye kiti cha mbele na kuupakata mkoba wake ili aache nafasi kando yake. Dereva aliniuliza kama napanda. Nilipanda. Nilisimama kidogo nimeshika nguzo, nikiitazama ile nafasi, mpaka basi likaondoka, kisha nikaenda kukaa kiti cha nyuma yake, mahali ambapo ningeweza kuiona mikono yake.